Jezi Namba Nne

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Leo wameniketisha kwenye kiti cha kunyolea, kule saluni ya Mama Jeanne hapa Jules Street, kamati nzima imesimama kunizunguka kama watu wa msiba. Mama Jeanne njo mwenyekiti wa timu yetu, Shaba ya Malvern. Mimi njo kocha. Miaka kumi na nne. Kabla yangu hapakuwa na timu, palikuwa na Wakongomani wanaokimbia ovyo.

Binti yake Arlène anasoma hesabu chuo kikuu. Akafungua kompyuta juu ya meza ya mafuta ya nywele, akasema, "Papa Ignace, nimetazama video zote za mwaka jana. Asilimia sitini ya magoli tuliyofungwa yalianza sisi tukipoteza mpira upande wa kushoto."

Nikamuuliza, "Mtoto, umeshawahi kupigwa na mpira usoni?"

"Hapana, Papa."

"Basi usiniambie habari za kushoto."

Watu wakacheka. Mama Jeanne hakucheka. Akasema mwaka huu Arlène atahesabu kila mechi, na timu ikishuka daraja, Papa Ignace atapumzika. Kupumzika! Neno la kumwambia punda. Timu ziko kumi, mbili za mwisho zinashuka. Tangu lini Shaba ikawa ya mwisho? Mwaka jana tulikuwa wa saba.

Nikasema yote ninayo kichwani. Arlène akajibu, kwa heshima lakini akajibu, "Papa, kisichoandikwa hakihesabiwi."

Bon. Nimenunua daftari. Nilisoma miaka minne tu kule kwetu Likasi, mengine nimejifundisha kwenye mabango. Yeye aandike cha kwake, mimi naandika cha kwangu. Tutaona kitabu gani kina mpira ndani.

Jumapili, tarehe 13 Aprili

Mvua ya mwisho ya mwaka, yenye mawe. Wasomali wa Mayfair 3, Shaba 0. Uwanja ulikuwa supu.

Sasa niandike jambo ambalo halisemwi. Tukishindwa, nabadilisha jezi. Jezi iliyoshindwa hairudi kwenye mgongo uleule, inakwenda kwa mwingine ili njia ya bahati mbaya ipotee. Nilifundishwa Likasi na kocha wetu, na wachezaji wangu wote wanajua, na hakuna anayetamka, maana ukiitamka umeivunja. Ligi yetu ya Jumapili haina shida na hilo. Refa anahesabu vichwa kumi na moja, basi. Zamani nilikumbuka kwa kichwa nani alivaa nini. Siku hizi kichwa kinachagua cha kukumbuka, kwa hiyo naandika.

Leo Placide alivaa 4, Emery alivaa 7. Wiki ijayo Emery 4, Placide 6.

Orodha ya leo nilimpa Mama Jeanne kwa ajili ya video zake. Yeye anaweka simu juu ya paa la gari nyuma ya goli, anamtumia binti. Arlène haji uwanjani, Jumapili ana zamu ya kusuka. Anahesabu mpira bila kunusa jasho la mtu.

Jumapili, tarehe 20 Aprili

Pasaka. Hakuna mechi. Fufu, samaki, usingizi.

Jumapili, tarehe 27 Aprili

Moja kwa moja. Sare, jezi zinabaki. Emery alipiga chenga watu watatu halafu akamrudia yule wa kwanza ampige tena. Uwanja mzima ulisimama. Huyu ni mtoto wa marehemu binti yangu Angélique, nimemlea mimi. Kiswahili anasikia chote, anajibu Kiingereza na Kizulu. "Sharp, Mkhulu," njo salamu yangu ya asubuhi, Mkhulu njo babu kwa Kizulu.

Baada ya ile chenga alipoteza mpira na tukafungwa. Mabeki walikuwa wamelala.

Jumapili, tarehe 4 Mei

Tumeshinda 2–1! Placide kwa kichwa, kona. Nilimwambia simama pale, akasimama pale. Asilimia ngapi hiyo?

Jumapili, tarehe 11 Mei

1–4. Sitaki kuandika. Emery 11, Placide 3.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Nimerudi kutoka saluni.

Arlène alichora uwanja kwenye kompyuta, una madoa mekundu kama mtoto mwenye surua. Akasema shimo la timu ni namba nne. Namba nne anapoteza mpira mara kumi na tisa kwa mechi, na akipoteza harudi kukaba, anasimama mikono kiunoni. Mama Jeanne akachukua ile orodha ya Aprili, akaweka miwani, akasoma, "Namba nne, Placide."

Placide! Analinda geti la kiwanda usiku, anakuja uwanjani na buti za kazi, anavua, anacheza dakika tisini, anarudi kulala masaa mawili tu. Katika maisha yake hajawahi kusimama mikono kiunoni.

Kamati ikasema akae benchi. Wakanitazama. Mimi ningeweza kufungua daftari. Namba nne mwaka huu imepanda migongo miwili, na ninajua ni ipi. Lakini habari za jezi hazisemwi. Hiyo ni mila, na mimi si mtu wa kuvunja mila kwa sababu ya kompyuta.

Nikasema, "Mmeamua ninyi."

Acha hesabu zao ziwazamishe. Wanahesabu nguo.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Placide alinifuata nyuma ya vyoo kabla ya mechi.

"Papa, mimi nilivaa nne siku moja tu."

"Najua."

"Basi?"

"Basi vumilia. Hesabu zao zitaanguka zenyewe."

Akasema, "Ndiyo, Papa," akaenda kukaa. Alisinzia benchi akiwa amekunja mikono. Sare 2–2.

Jumapili, tarehe 25 Mei

0–2. Baridi imeanza. Emery 8.

Jumatano, tarehe 28 Mei

Arlène amenipigia simu mwenyewe. "Papa, kuna kitu sielewi. Tumemtoa namba nne, sasa shimo liko namba kumi na moja. Tabia ileile. Hata mikono kiunoni."

Nikamwambia ni hali ya hewa.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Tumeshindwa tena, 1–3, baada ya kushindwa wiki iliyopita. Arlène kwenye simu: "Papa, wiki iliyopita shimo lilikuwa namba nane. Shimo linatembea."

"Shimo halina miguu, mtoto."

Nikasikia mashine ya kukaushia nywele nyuma yake. Halafu akasema asante.

Huyo binti si mjinga. Hilo ndilo linalonichukiza.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Kipa wetu ni Barnabas, Mtanzania, mdomo mrefu kuliko mikono. Leo alikuja na mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nini hiyo?"

"Viatu vya Placide. Vile ulivyompa wewe mwaka juzi. Anasema apewe mwenye kazi navyo."

Viatu vilikuwa vimeoshwa. Kamba zimefuliwa mbali, zikafungwa pamoja kwa fundo. Ningependelea vingekuja na matope.

Barnabas akaendelea, hanyamazi huyu: "Mzee wangu, hii timu siku hizi inacheza fulana. Sisi watu ni viango tu vya kuzitundikia."

Nikamwambia aende golini. Akaenda, akafungwa mawili.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Barafu nyeupe juu ya majani saa tatu asubuhi. 0–5. Tuko wa tisa. Emery alipiga chenga nzuri sana katikati ya uwanja, akarudi nyuma, akapiga tena, akaporwa. Mikono kiunoni. Nimeiona. Niliwahi kuiona pia mwezi wa tano, na mwezi wa nne, na mwaka jana.

Naandika hapa, sijasema.

Jumapili, tarehe 29 Juni

0–1. Upepo. Sina neno.

Jumatano, tarehe 2 Julai

Leo nilikwenda kumwona daktari wa macho, na dereva wa teksi akapita njia ya viwandani. Pale kwenye robot, zile taa za barabarani, tulisimama kwa nyekundu, na upande wa pili kuna geti. Placide, wiki hii wamempa zamu ya mchana, alikuwa amesimama mbele yake na koti kubwa la kampuni, analiinua lile bomba lililopakwa rangi ili lori lipite. Nilishuka. Sijui kwa nini nilishuka, daktari alikuwa mbali bado.

"Bonjour, Papa," akasema. Akavua kofia. Akaniletea kiti chake cha plastiki nikae.

Nikamuuliza, "Hukumwambia mtu kuhusu jezi?"

"Papa, haisemwi."

"Hata mke wako?"

"Hata yeye. Anaamini ni mimi shimo." Akacheka kidogo. "Siku hizi nikiangusha kijiko anasema, ah, namba nne."

Nilikaa pale malori manne yakapita. Huyu amefunga mdomo kwa sababu ya mila, na mila imemvua viatu. Mimi nimefunga mdomo nikasema ni mila. Daktari wa macho sikumfikia, lakini nimeona vya kutosha, na nilichoona kinanuka.

Alhamisi, tarehe 3 Julai

Niliingia saluni saa nne. Arlène alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, nywele bandia mdomoni. Nikaweka daftari juu ya meza.

"Soma."

"Papa, nina mteja."

"Mteja naye asome."

Akasoma. Mwandiko wangu ni kama kuku aliyekunywa pombe, alikuwa anauliza uliza. Hii nne au tisa? Hili neno gani? Halafu akaacha kuuliza. Akarudi ukurasa wa kwanza. Akahesabu kwa vidole, yeye mwenye kompyuta.

"Papa," akasema polepole, "mlikuwa mnabadilishana jezi?"

"Tukishindwa."

"Kila tukishindwa?"

"Mtoto, mnafikiri tulikuwa tunashindwa tu bila kufanya kitu?"

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Akajishika kichwa. "Nimehesabu nguo. Miezi mitatu nimehesabu nguo. Yaya Placide, kaka wa watu..." Hakumaliza. Mama Jeanne alitoka nyuma na taulo begani akauliza nani amekufa.

Nikawaambia wote, kwa sauti, mteja pia, kwamba Placide alivaa nne siku moja tu, na ile siku tulicheza ndani ya supu. Nimeitamka mila. Kama itavunjika, imevunjika kwa mwanaume aliyevua kofia. Mama Jeanne akapiga simu kwa Placide palepale, akamwita mwanangu, akaomba msamaha mara mbili.

Njo mimi niliyeshinda kompyuta. Watu waandike hilo.

Kabla sijatoka nikamwambia Arlène, "Soma mistari ya Placide tu. Mingine ni mambo yangu."

Akasema, "Papa, nikiwa na daftari hili naweza kuhesabu upya kila mtu."

"Nimesema Placide tu."

Akanitazama kama vile mama yake anavyotazama nywele zilizoungua.

Jumapili, tarehe 6 Julai

Placide amerudi. Nilimfungulia fundo la kamba mwenyewe, vidole vyangu vinauma baridi hii. 1–0! Viongozi wa timu ya pili walisema wana bahati mbaya. Hapana. Wamekutana na beki.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Sare. Kuna maua ya majivu hewani, wanachoma majani makavu.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Tumeshinda 3–2. Emery alifunga moja, akakimbia mpaka kwangu, akanibusu kipara mbele ya watu. "See, Mkhulu?" Yale mawili tuliyofungwa sikuangalia yalianzia wapi.

Jumapili, tarehe 27 Julai

1–2. Wa nane. Imebaki moja, na Wareno wa Rosettenville. Sare inatutosha.

Alhamisi, tarehe 31 Julai

Arlène amekuja chumbani kwangu, kule nyuma ya nyumba ya mwenye nyumba. Peke yake, na daftari langu ndani ya mfuko safi, kama Biblia. Akakataa chai, halafu akanywa.

"Papa, hukunituma. Lakini nimehesabu wote."

Nikamsogezea sukari.

"Fundi Pitchou ndiye anayepoteza mipira michache kuliko wote."

Pitchou! Fundi cherehani, ana miaka arobaini na moja na tumbo la mkaguzi wa forodha. Akipata mpira anampa mtu wa karibu, halafu anasimama apumue. Nikamwambia huo si mpira, huo ni ugawaji wa mikate.

"Ndiyo, Papa. Lakini mkate haupotei."

Kisha akazungusha kikombe. Nikamwambia, "Sema. Nne, kumi na moja, nane. Sema."

"Umeshajua, Papa."

"Nimejua kabla ya wewe kuzaliwa. Sema."

"Ni Emery." Akasema haraka kama anayetoa mwiba. "Magoli kumi na saba kati ya thelathini na moja yameanzia kwake. Anafunga, kweli. Amefunga manne. Lakini..." Akaweka kikombe chini. "Kama unataka, kwenye kamati nitasema hesabu zimevurugika kwa sababu ya jezi, hatuwezi kujua. Hakuna atakayeuliza. Wewe utabaki kocha na yeye atacheza."

Sijawahi kuchukizwa namna hii. Mwaka sabini na nne, Likasi, nilidaka penalti nne siku moja, wakaniita Mlango wa Chuma, watu walinibeba mpaka stesheni. Leo nimefika mahali ambapo mtoto msusi ananionea huruma, na kibaya zaidi, amefanya hesabu zake vizuri. Video ni zake, lakini nani alivaa nini, hayo niliandika mimi. Kwa mkono huu. Nimemtia mjukuu wangu kalamuni kila Jumapili, nikidhani naandika habari za bahati.

Nikamwambia, "Acha daftari hapo. Maliza chai."

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Hakuna mechi. Kamati. Nilisimama, sikukaa kwenye kiti chao cha kunyolea.

Nikasoma mwenyewe. Tarehe 27 Aprili, nne, Emery. Tarehe 4 Mei, nne, Emery. Tarehe 11 Mei, nne, Emery. Tarehe 18 Mei, kumi na moja, Emery. Nilisoma mpaka mwisho, ilichukua muda, maana kusoma kwangu kunachechemea. Placide alikuwa pale, anatazama viatu vyake. Emery alikuwa mlangoni na simu. Nusu ya kwanza hakusikiliza. Nusu ya pili alisikiliza.

Nikasema, "Tarehe 14 Mei nilikuwa najua. Nilimwacha Placide abebe. Nilisema ni mila."

Barnabas, ambaye hanyamazi, alinyamaza.

Mama Jeanne akauliza, "Na Jumapili, Papa?"

"Jumapili Emery atakaa."

Emery akasema kwa Kizulu neno ambalo sitaliandika, akatoka. Kengele ya mlango ililia muda mrefu.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Vumbi. Upepo wa Agosti umebeba machimbo yote ya dhahabu ukatutia machoni. Wareno walikuja na kocha mwenye kizibao, na sisi tulikuja na tulivyokuja.

Placide nne. Nimempa mwenyewe, mbele ya wote, nikaitamka. "Jezi hii ilishindwa, na mgongo huu haukushindwa." Mila imekufa, bon, na iliyokufa inazikwa na heshima zake.

Sijawahi kusimamia mchezo mchafu kama ule. Hakuna chenga. Hakuna shuti. Sisi tulipiga mpira nje, wao wakaurudisha, sisi tukapiga nje tena. Mtu aliyepita na mbwa wake alisimama dakika moja, akaondoka, na mbwa alimvuta.

Emery alikuja. Hilo niliandike. Alivaa saba, akakaa mwisho wa benchi na kofia ya koti imefunika uso.

Dakika ya sabini na tano mguu wa Placide ukakamaa. Alikuwa ametoka zamu saa kumi na mbili asubuhi. Watu nyuma yangu wakaanza, "Emery! Ingiza Emery!" Mama Jeanne mwenyewe, yule wa kamati, juu ya paa la gari pamoja na simu yake, "Papa, ingiza Emery, tunakufa!" Hesabu zote wamezila. Nikatazama upande wa pili. Arlène alikuwa ameacha zamu yake, amesimama kwenye mstari na kijitabu, na vumbi kwenye meno. Hakupiga kelele. Emery alikuwa ameshavua koti. Ameshaanza kuruka ruka, magoti juu, vizuri, kama mama yake alivyokuwa akiruka kamba.

Nikasema, "Pitchou."

Pitchou akasema, "Mimi?"

"Uko Pitchou mwingine?"

Akaingia na tumbo lake. Katika dakika kumi na tano aligusa mpira mara sita, nilihesabu. Mara sita alimpa mtu wa karibu. Dakika ya themanini na nane Mreno mmoja alibaki peke yake na Barnabas, akapiga, na Barnabas akaudaka kwa uso. Damu. Akainuka akaniambia, "Mzee, hiyo iandike!"

Sifuri kwa sifuri. Tumeokoka jinsi panya anavyookoka, kwa kuwa mdogo. Watu walikumbatiana kama tumechukua kombe. Mama Jeanne akasema nitabaki kocha mpaka nife. Nikamwambia asiweke tarehe. Arlène akanionyesha kijitabu chake, nikamwonyesha changu. Pitchou, mipira iliyopotea, hakuna. Tulilingana.

Emery alitangulia kurudi, begi begani, mimi nyuma hatua mia moja, magoti yangu. Kwenye robot ya Jules Street taa ilikuwa ya kijani kwake. Hakuvuka. Ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Nikafika.

Hakunitazama. "Those numbers are nonsense, Mkhulu," akasema. Halafu kwa Kiswahili, kibovu, cha kwanza mwaka huu: "Wewe hauandike ile mazuri yangu."

Ni kweli. Nimefungua daftari lote sasa hivi. Nimeandika bao lake moja tu kati ya manne.

"Andika cha kwako," nikamwambia.

Tukavuka. Leo: namba saba, Emery, dakika sifuri, mipira iliyopotea sifuri. Kesho nitamnunulia daftari. Lile la kurasa arobaini. Kubwa litasubiri mpaka ajifunze kukaba.